Ralph Teetor, kipofu wa Hagerstown aliyefundisha magari kushika mwendo

Kwenye volani ya magari mengi yanayoingia Congo yakiwa yametumika tayari Ulaya, Japani ao Dubai, kuna kitufe kidogo ambacho madereva wengi hawakigusi hata siku moja. Kazi yake ni kushika mwendo ambao dereva amechagua, bila mguu kuendelea kukanyaga akseleratere. Kwa Kifaransa wanakiita régulateur de vitesse. Kwa Kiswahili ni kidhibiti mwendo.

Mtu aliyevumbua chombo hicho hakuona barabara hata moja kuanzia utoto wake. Aliitwa Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani, aliyezaliwa mwaka wa 1890 na kufariki mwaka wa 1982. Alikuwa kipofu wa macho yote mawili. Pamoja na hayo alijenga gari akiwa mtoto, akasoma uhandisi katika chuo kikuu, akarekebisha mitambo ya meli za vita, akaongoza kampuni kubwa ya vipuri, na akaacha chombo ambacho leo kiko ndani ya mamilioni ya magari duniani.

Maisha yake yanahusu motere na magari, lakini yanahusu pia jambo moja ambalo familia nyingi zinalijua: mtoto akipoteza macho, wazazi watafanya nini naye?

Kisu kilichoteleza

Ralph Rowe Teetor alizaliwa tarehe 17 Agosti 1890 huko Hagerstown, mji mdogo wa mashariki mwa jimbo la Indiana, karibu na mpaka wa jimbo la Ohio. Baba yake aliitwa John, mama yake Kate. Familia ya Teetor ilikuwa ya mafundi. Chuma, mafuta na kelele ya mashini vilikuwa mambo ya kila siku kwao.

Akiwa na umri wa miaka mitano alikuwa anachezea kisu. Kisu kiliteleza, kikamchoma jicho moja. Kwa wazazi, pengine ilionekana kwamba mtoto atabaki na jicho moja na maisha yataendelea. Lakini kuna ugonjwa ambao madaktari wanaujua vizuri: jicho moja likiumizwa vibaya, mwili unaweza kugeuka na kushambulia hata lile jicho lingine lililo zima. Leo kuna dawa za kuuzuia. Wakati ule hazikuwapo. Katika muda usiozidi mwaka mmoja, Ralph hakuona tena kitu chochote.

John na Kate wangeweza kufanya kama wazazi wengi wa wakati ule: kumweka mtoto nyumbani, kumhurumia, na kumfanyia kila kitu. Walichagua njia nyingine. Nyumbani mwao upofu haukuwa habari ya kuzungumzwa kila saa. Mtoto aliachwa atembee, aanguke, ainuke, aguse, avunje na atengeneze. Aliruhusiwa kuingia katika ateliye ya familia na kushika vyombo vya kazi, ijapokuwa ni chombo chenye makali ndicho kilichomwondolea macho.

Ruhusa hiyo ndiyo iliyoongoza maisha yake yote. Ralph alijifunza kujua kitu kwa vidole. Alijua bulani kwa kuigusa, alijua ufa wa chuma kwa kupitisha kucha, alijua motere inaumwa nini kwa kuisikiliza. Hata alipokuwa mtu mzima hakupenda kutajwa kwanza kama kipofu. Alitaka watu waangalie kazi yake.

Baiskeli ya reli na gari la watoto

Kazi ya familia ilianza na wazo la ndugu ya baba yake, Charles Teetor. Alitengeneza aina ya baiskeli inayotembea juu ya reli, ili wafanyakazi wa treni waweze kwenda kukagua njia bila kutembea kwa miguu kilometa nyingi. Kampuni ilianzishwa mwaka wa 1895, mwaka uleule ambamo Ralph alitimiza miaka mitano. Pole pole baiskeli hizo za reli zikapewa motere ya petroli, na kampuni ikajikuta imekuwa kiwanda cha kutengeneza motere.

Mtoto kipofu alikulia ndani ya mabadiliko hayo. Mwaka wa 1902, akiwa na umri wa miaka 12, yeye pamoja na mtoto wa ndugu ya baba yake walijenga gari lao la motere. Wakati ule magari yalikuwa kitu adimu hata Marekani. Watu wengi wa Hagerstown walikuwa bado wanatembea kwa farasi. Gari la watoto hao lilitembea kweli barabarani.

Alisoma shule ya mji wake pamoja na watoto wengine wanaoona. Alipomaliza shule ya sekondari mwaka wa 1908, alitaka kusoma uhandisi wa mitambo. Hapo ndipo milango ilipoanza kuwa migumu. Uhandisi ni michoro, hesabu ubaoni, na majaribio kwenye mashini zinazozunguka. Kwa watu wengi wa vyuo, wazo la mwanafunzi asiyeona katika somo kama hilo lilikuwa halina maana.

Binamu yake, Neva Deardorff, alikuwa anasoma katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia. Ni yeye aliyemsaidia kukubaliwa huko. Na hakuishia hapo. Alimsomea vitabu kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, na Ralph akavitia kichwani. Mchoro ambao wengine waliuona kwa karatasi, yeye aliujenga katika akili na kuuzungusha humo. Mwaka wa 1912 alipata diploma yake ya uhandisi wa mitambo. Miaka 18 baadaye, mwaka wa 1930, chuo hicho kilimpa diploma ya juu zaidi.

Vidole vilivyosikia kutikisika kwa chuma

Alirudi Hagerstown kufanya kazi katika kampuni ya familia, ambayo kuanzia mwaka wa 1914 iliitwa Teetor-Hartley na ilikuwa inatengeneza motere za magari kwa ajili ya kampuni nyingine. Kisha vita vya kwanza vya dunia vikaifikia Marekani, na Ralph akaenda kufanya kazi Camden, katika jimbo la New Jersey, kwenye kiwanda kikubwa cha meli.

Huko kulikuwa na tatizo. Meli za vita za mwendo wa kasi zilitumia tabini za mvuke. Ndani ya tabini kuna mhimili mkubwa wa chuma wenye mapanga mengi, unaozunguka kwa kasi kubwa sana. Kama upande mmoja ni mzito kuliko mwingine, hata kwa kiasi kidogo tu, mhimili unatikisika, unakula vyuma vinavyoushika, na mwisho unaweza kuharibu mashini yote. Ni jambo lilelile ambalo dereva anasikia kwenye volani wakati gurudumu moja halikusawazishwa, lakini kwa nguvu kubwa zaidi.

Kusawazisha mihimili hiyo ilikuwa kazi iliyowashinda wengi. Teetor alitafuta namna ya kuifanya mhimili ukiwa unazunguka, na vidole vyake vilisikia mtikisiko ambao wenye macho hawakuusikia. Alifaulu. Hapo jina lake likaanza kujulikana inje ya Indiana, si kama habari ya huruma, bali kama mtu wa kuitwa wakati mashini imewashinda wengine.

Kampuni ya pete za pistoni

Vita vilipoisha alirudi tena nyumbani. Familia ilikuwa imeuza kazi ya motere mwaka wa 1918 na kubaki na kazi moja iliyoonekana kuwa ndogo: kutengeneza pete za pistoni.

Kila makanika anajua thamani ya pete hizo. Pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda. Pete za chuma zinazoizunguka ndizo zinazozuia nguvu ya moto isipite pembeni, na ndizo zinazozuia oili isipande na kuungua. Pete zikichakaa, motere inakosa nguvu, inakula oili, na moshi wa bluu unatoka nyuma. Wakati magari yalipokuwa yanazidi kuwa mengi Marekani, kila motere ilihitaji pete mpya, na motere zilizozeeka zilihitaji pete za kubadilisha. Kazi iliyoonekana ndogo ikawa kubwa. Mwaka wa 1926 kampuni ilichukua jina la Perfect Circle, maana yake duara kamili.

Ralph Teetor aliongoza upande wa uhandisi. Mwaka wa 1922 alimwoa Nellie Van Antwerp, na walipata binti mmoja, Marjorie, ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya maisha ya baba yake.

Mwaka wa 1936 wahandisi wa magari wa Marekani walimchagua kuwa mwenyekiti wa shirika lao, linalojulikana kwa herufi SAE. Hilo ndilo shirika ambalo herufi zake zinaandikwa mpaka leo kwenye bidoni za oili, kando ya namba kama 15W-40, kwa sababu ni lenyewe lililopanga vipimo vya uzito wa oili. Mtu asiyeona aliketi mbele ya watu waliokuwa wanachora magari ya Marekani yote, na walikuwa wamemchagua wenyewe.

Wakili mwenye mguu usiotulia

Kwa kuwa hakuweza kuendesha, Teetor alikuwa abiria siku zote. Abiria kipofu anajua dereva wake kuliko abiria mwingine. Anasikia kila kukanyaga, kila kuachia, kila kona iliyochukuliwa vibaya.

Mara nyingi alisafiri na wakili wake, Harry Lindsey, aliyeshughulikia hati zake za uvumbuzi. Lindsey alikuwa na tabia moja. Alipokuwa anazungumza, gari lilipunguza mwendo. Alipokuwa anasikiliza, liliongeza mwendo. Mazungumzo yao yaliendelea hivyo, na gari likaendelea kuvuta na kuachia, kuvuta na kuachia. Abiria mwenye macho angeangalia inje na kusahau. Teetor hakuwa na pahali pa kuangalia. Tumbo lake lilihesabu kila mtikiso. Kutokana na safari hizo aliamua kutafuta chombo ambacho kingeshika mwendo mmoja hata kama mguu wa dereva hautulii.

Alianza kufikiri na kujaribu katika miaka ya 1930. Kisha vita vya pili vya dunia vikaleta sababu nyingine. Mwanzoni mwa mwaka wa 1942 Japani ilikuwa imeteka sehemu za Asia zilizokuwa zinatoa karibu mpira wote uliotumiwa Marekani. Bila mpira hakuna pine, na jeshi lilihitaji pine kwanza. Serikali ya Marekani ikaamuru magari yasipite mwendo wa maili 35 kwa saa, yaani kama kilometa 56, ili pine zidumu na petroli isiishe haraka. Madereva wengi walishindwa kushika mwendo huo. Teetor aliona kwamba chombo chake kingeweza kusaidia.

Upungufu huo wa mpira ulikuwa na upande mwingine ambao wazee wa Congo waliukumbuka kwa uchungu. Wakati Marekani inapunguza mwendo, utawala wa Ubelgiji katika Congo ulirudisha kazi ya lazima ya kutafuta mpira porini. Kuanzia mwaka wa 1942, siku za kazi ya kulazimishwa ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Dereva wa Indiana aliyekanyaga pole pole na mwanakijiji wa Congo aliyeingia porini kutafuta utomvu walikuwa ndani ya vita vimoja, lakini gharama yao haikuwa sawa.

Namna chombo kilivyofanya kazi

Chombo cha Teetor hakikuwa na kompyuta. Wakati ule hakuna gari lililokuwa na kompyuta. Kilitumia vyuma, springi na upepo.

Ndani yake kulikuwa na vyuma vidogo vizito vilivyozungushwa na mwendo wa gari lenyewe. Gari likienda haraka, vyuma hivyo vinazunguka haraka na kufunguka kwenda pembeni, kama sketi ya mchezaji anayezunguka. Upande wa pili kulikuwa na springi ambayo dereva aliikaza ao kuilegeza kwa kuchagua mwendo anaotaka. Nguvu ya vyuma ikilingana na nguvu ya springi, kilango kidogo kinafunguka, na mvuto wa hewa unaotoka kwenye motere unavuta pistoni ndogo. Pistoni hiyo inasukuma akseleratere kurudi juu, kinyume na mguu.

Kwa hiyo, katika muundo wa kwanza, gari halikujiendesha lenyewe. Mguu wa dereva ulibaki pahali pake, lakini alipofika kwenye mwendo aliouchagua, akseleratere ilikuwa ngumu ghafla, kama vile mtu aliye chini yake anaisukuma. Dereva aliweza kulaza mguu juu ya ugumu huo na kubaki katika mwendo mmoja. Akiwa na haja ya kupita lori, alikanyaga kwa nguvu zaidi na gari likaongeza mwendo. Kipofu huyo alikuwa amebuni chombo kinachozungumza na dereva kwa njia ya kugusa, si kwa njia ya macho.

Hati ya uvumbuzi ilitolewa na serikali ya Marekani tarehe 22 Agosti 1950. Kichwa chake kilieleza wazi chombo ni nini: chombo cha mwendo kinachopinga kukanyagwa kwa akseleratere. Baadaye kuliongezwa sehemu muhimu, sumaku ya umeme inayoweza kushikilia mwendo bila mguu kabisa, na ambayo inaachia mara moja dereva akigusa freni. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo moyo wa usalama wa chombo. Bila freni kukata kila kitu, chombo cha kushika mwendo kingekuwa chombo cha kuua.

Mwaka mgumu wa 1955

Haikuwa miaka ya uvumbuzi peke yake. Teetor alikuwa mwenyekiti wa Perfect Circle kuanzia mwaka wa 1946 hadi 1957, na katika kipindi hicho kampuni ilipitia mgomo uliojulikana Marekani kote.

Mwaka wa 1955 sendika ya wafanyakazi wa magari ilidai kwamba kila mfanyakazi wa viwanda vya Perfect Circle awe mwanachama wake. Kampuni ilikataa, ikaendelea kufanya kazi na wale waliokubali kuingia kiwandani. Mwanzoni mwa mwezi wa Oktoba, katika kiwanda cha mji wa New Castle, risasi zililia kati ya waliokuwa ndani na waliokuwa inje, na watu walijeruhiwa. Gavana wa Indiana alituma askari wa akiba pamoja na vifaru. Mgomo ulimalizika mwaka uleule bila sendika kupata ilichodai.

Kwa mji mdogo ambako wafanyakazi na wakubwa walijuana kwa majina, jeraha hilo halikupona haraka. Ni sehemu ya maisha ya Teetor ambayo haiwezi kuondolewa: aliyekuwa mpole kwenye mashini alikuwa pia mkubwa wa kampuni iliyosimama imara mbele ya wafanyakazi wake.

Kutoka ateliye mpaka kwenye magari

Mwaka wa 1958 kampuni ya Chrysler ilitoa magari yake makubwa ya Imperial, New Yorker na Windsor yakiwa na chombo cha Teetor kwa mnunuzi aliyekitaka. Chrysler ilikiita Auto-Pilot. Perfect Circle yenyewe ilikuwa imejaribu majina mengi, Controlmatic, Touchomatic, Pressomatic, kabla ya kubaki na Speedostat. Mwaka wa 1959 Cadillac nayo ilikichukua, na jina ambalo Cadillac ilitumia, Cruise Control, ndilo lililobaki duniani.

Hakikubaki chombo cha magari mapya tu. Wenye magari ya kawaida walitaka pia, na ndivyo ilivyozaliwa kazi ya kufunga kidhibiti mwendo ndani ya gari ambalo halikutoka nacho kiwandani. Makanika alipewa sanduku lenye vipande vyote. Kwanza alitafuta pahali chini ya kapo, mbali na joto la motere, akafunga pale chombo cha kuvuta. Kutoka kwenye chombo hicho kebo ilikwenda kwenye karibiratere, sambamba na ile ya akseleratere, na ilipaswa kulegea kidogo ili isivute motere wakati haikuitwa. Mpira wa hewa uliunganishwa na njia ya mvuto wa motere. Habari ya mwendo ilichukuliwa kwenye kebo inayotoka bwate ya vitesi kwenda kwenye dashibodi. Katika mifano iliyofuata ilichukuliwa kwa sumaku ndogo zilizofungwa kwenye mhimili unaozungusha magurudumu. Mwisho, nyaya za umeme zilifungwa kwenye taa za freni.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ambayo makanika mzuri hakuiharakisha. Alijaribu freni gari likiwa limesimama, halafu akajaribu tena kwenye barabara tupu. Kama taa ya freni imeungua ao waya umelegea, chombo kinaweza kukosa habari kwamba dereva anataka kusimama. Ndiyo maana mifano mingi iliongezewa njia ya pili: kilango cha hewa kwenye pedali ya freni, kinachofunguka kwa kukanyaga na kuondoa mvuto wote hata kama umeme umekosa. Waliofunga bila kujaribu njia zote mbili walihatarisha maisha ya wenye magari.

Perfect Circle iliuzwa mwaka wa 1963 kwa kampuni ya Dana, ambayo iliendelea kuuza vidhibiti mwendo hivyo. Halafu, mwishoni mwa mwaka wa 1973, nchi za Waarabu zikafunga mafuta kwa Marekani. Bei ya petroli ilipanda, watu walipanga mistari kwenye vituo, na mwaka wa 1974 serikali ikaweka tena kikomo cha mwendo, safari hii maili 55 kwa saa, kama kilometa 89. Ilikuwa kama historia ya vita imejirudia. Gari linaloshika mwendo mmoja kwenye barabara ndefu linakunywa petroli kidogo kuliko lile linalovuta na kuachia. Chombo kilichokuwa cha matajiri kikawa kitu ambacho dereva wa kawaida alikitafuta.

Mipaka ya chombo

Teetor alikitengeneza kwa ajili ya barabara ndefu, kavu na iliyonyooka. Hilo linabaki kweli hata leo. Kwenye mvua, kwenye matope, kwenye milima yenye kona kali ao katikati ya mji wenye motopikipiki na watu wanaovuka, kidhibiti mwendo hakifai kutumiwa. Gurudumu likiteleza, chombo cha kawaida kinaweza kudhani kwamba mwendo ni uleule, ao kuendelea kutoa nguvu wakati dereva angepaswa kuachia. Dereva wa Kalehe ao wa Masisi anaweza kukaa na kitufe hicho miaka yote bila kukigusa, na atakuwa na haki. Yule anayepita lami ndefu ya Lubumbashi kwenda Likasi ana sababu zaidi ya kukijaribu, mradi mguu ubaki karibu na freni na macho yabaki barabarani.

Magari mapya yameongeza kamera na rada zinazopima umbali wa gari lililo mbele na kupunguza mwendo zenyewe. Lakini wazo la chini ni lilelile la Hagerstown: pima mwendo, linganisha na ule uliochaguliwa, sahihisha, na uachie dereva akigusa freni.

Kilichobaki

Teetor hakuacha kuvumbua alipozeeka. Kati ya kazi zake kuna mashini ya kukata majani, aina za kufuli, na vishikio vya fimbo za kuvulia samaki. Baada ya vita vya pili alikwenda pia kuwatembelea askari waliopoteza macho vitani. Yeye ambaye hakupenda kuonyeshwa kama kipofu alikubali kuwa mfano kwa vijana hao, kwa sababu walihitaji kumsikia mtu aliyekuwa amepita njia hiyo na kufika.

Alisaidia pia shule na elimu. Kwa jina lake shirika la SAE linatoa zawadi kwa walimu vijana wa uhandisi, iliyoanzishwa mwaka wa 1963. Na katika chuo cha Earlham, mjini Richmond, si mbali na Hagerstown, kuna ukumbi ambamo wanafunzi wanaketi gizani na kuonyeshwa nyota za mbinguni juu ya dari. Ukumbi huo una jina la Ralph Teetor, mtu ambaye hakuona nyota tangu utoto wake.

Alifariki tarehe 15 Februari 1982, mjini mwake Hagerstown, akiwa na umri wa miaka 91. Mwaka wa 1988 jina lake liliingizwa katika nyumba ya heshima ya watu wa magari ya Marekani.

Majina mengi ya watengeneza magari yanajulikana kwa sababu yameandikwa mbele ya kapo. Jina lake halikuandikwa popote kwenye gari. Limebaki ndani ya kitufe kidogo kwenye volani, na ndani ya uamuzi ambao John na Kate Teetor walichukua mwaka wa 1895 na 1896, waliposhindwa kurudisha macho ya mtoto wao lakini wakakataa kumnyang'anya vyombo vya kazi.